Labda ni baridi ya huko kwenu

Maneno yake ningeyasahau. Kinachonikera ni kwamba nilimjibu, "Haya, asante."

Yule fundi wa Dar mnamjua, nilimtaja wakati ule wa betri za UPS. Jumatatu nilimpigia kumwambia kwamba zile diski za seva alizotusafishia, yaani kuzifuta data, zimefika, nimezichomeka, na klasta mpya (seva kadhaa zinazotunza data kwa pamoja) inazikataa. Akasema, "Dada'angu, diski ziko safi, nimezifuta kwa mkono wangu. Labda ni baridi ya huko kwenu." Nyuma yake mtu akacheka. Nami huku Mbeya nimesimama pale na sweta mbili mwilini, nikasema haya, asante, nikakata simu.

Tangu siku hiyo nayarudia mazungumzo yale kwenye bajaji, jikoni, hata kanisani wakati wa matangazo. Kwenye toleo langu la jikoni namjibu kwamba diski nyingi za seva zimeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 5, na kwamba chumba cha seva ndicho chumba pekee chenye joto ofisini kwetu, watu huja kuotea humo wakisingizia kuleta barua. Kwenye toleo la bajaji simwambii kitu, nakohoa tu. Wiki hiihii mama kafunguliwa bandeji na anasoma Biblia bila miwani ya jirani, na washenga wa kaka wamerudi kutoka Tukuyu na jibu zuri, lakini mimi kichwani ni baridi ya huko kwenu, baridi ya huko kwenu.

Sasa kazi yenyewe. Rook, programu inayotuendeshea Ceph (mfumo wa kutunza data kwenye diski nyingi), ilikuwa inaikagua kila diski na kuiruka: hii ni ya klasta nyingine. Na kitambulisho ilichokitoa kilikuwa cha klasta yetu ya zamani, ile tuliyoivunja baada ya Pasaka. Bosi akadhani labda mabaki yako kwenye seva. Tukakagua: folda ya Rook ilikuwa tupu, na klasta mpya haikuwa na OSD (programu inayosimamia diski moja moja) wala funguo ya mtu yeyote wa zamani. Kijana wetu wa field akausoma mwanzo wa diski, sifuri tupu. wipefs, amri ya kutafuta alama zilizobaki kwenye diski, nayo haikuona kitu. Hapo nikaanza kuogopa kwamba nitampigia tena fundi na ataniuliza hali ya hewa.

Ndipo tukaiambia ceph-bluestore-tool, zana ya Ceph yenyewe, itusomee lebo, yale maandishi yanayosema diski ni ya nani. Ikatoa lebo nzima, na jina la klasta ya zamani humo.

Kumbe tangu toleo la 19 la Ceph, BlueStore, sehemu yake inayoandika kwenye diski, haiweki lebo mwanzoni peke yake. Inaweka nakala kwenye gigabaiti ya 1, ya 10, ya 100 na ya 1000, kila moja baiti 4096 tu, ili mwanzo wa diski ukiharibika diski bado ijitambulishe. Fundi alifuta megabaiti 100 za mwanzo, kama tulivyofundishwa wote miaka yote. Alibandua namba ya mbele ya gari akaacha ya nyuma. Diski zetu ni za terabaiti 4, kwa hiyo nakala zote nne zilikuwa zimekaa kwa raha zao. Tukapiga sifuri kwenye kila kituo, Rook ikakagua tena, OSD zikapanda moja baada ya nyingine. Bosi akasema vizuri, akaenda kunywa chai.

Nikakaa kumwandikia fundi. Meseji ndefu, na picha ya skrini, na mwisho wake sentensi moja kuhusu baridi ambayo nilikuwa naipenda sana. Kijana akawa anachungulia begani kwangu. Akauliza, "Dada, kwa hiyo data yenyewe bado imo?"

Imo. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya lebo. Kati ya gigabaiti ya 1 na ya 10 hakuna aliyegusa kitu, fundi hakugusa na sisi hatukugusa. Mtu ataniambia Ceph inakatakata data na kuisambaza, diski moja haina kitu kamili. Lakini kwenye diski zetu za mtandaoni kipande kimoja kwa kawaida ni megabaiti 4, na picha ya kitambulisho cha mwanafunzi inaenea humo na nafasi inabaki. Barua ya rufaa pia. Na diski hizo zilipanda basi pale stendi ya Nane Nane ndani ya katoni ya biskuti, zikalala kwenye buti pamoja na magunia ya viazi, zikakaa dukani kwa mtu, zikarudi. Hakuna fomu, hakuna aliyesaini. Sentensi yangu ya baridi ikaniishia utamu palepale.

Nikafuta meseji. Nikaandika, "Kaka, zile mbili zilizobaki kwako usimpe mtu yeyote, nazifuata." Akanijibu kwa kidole gumba.

Kuifuta diski moja mwanzo hadi mwisho, ikiandika megabaiti 150 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 7. Nimemwambia bosi kuanzia sasa zinafutwa hapahapa kabla ya kutoka mlangoni. Kakubali haraka mno, halafu kauliza nani atakesha. Mimi siye.

Halafu leo asubuhi mwenye nyumba kapita na watu wawili wenye futi kamba, wakapima kutoka kwenye karo hadi ukutani, wakaandika kwenye daftari. Hakunisalimia, na yule si mtu wa kupita bila salamu. Kodi nimelipa mpaka Desemba. Mwenye kujua chumba na sebule maeneo ya Forest, penye maji ya uhakika, asininyamazie.