Seva Mpya, Mtandao wa Zamani: Nilianzia Kwenye Waya

Nilipopewa kazi ya kuingiza seva mpya ya mafaili (kompyuta inayohifadhi mafaili ya wote) kwenye mtandao wa zamani wa ofisi, nilikagua waya kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu za nyaya kati ya nne zilizomo ndani ya kebo, yaani pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, inazitaka zote nne. Ndiyo maana kebo mbovu huweza kutumika miaka na miaka bila mtu kulalamika, kisha ikagoma siku unapofunga swichi mpya, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao.

Na iligoma kweli. Kwenye swichi ya gigabiti taa ya poti (tundu la kebo) haikuwaka. Nikirudisha kebo kwenye swichi ya zamani, inawaka. Nikafungua soketi ya ukutani. Kebo moja ilikuwa imegawanywa kulisha soketi mbili: jozi ya chungwa na ya kijani huku, ya bluu na ya kahawia kule. Vifaa hupatana kasi kupitia pini 1, 2, 3 na 6, vinakubaliana gigabiti, halafu mawasiliano hayasimami kwa kuwa jozi nyingine hazifiki. Soketi ya pili ilikuwa haitumiki, kwa hiyo nilirudisha nyaya zote nane kwenye soketi moja, ncha zote mbili, kwa mpangilio uleule wa rangi. Taa ikawaka papo hapo.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Kompyuta za upande mmoja zilibaki kwenye swichi ya zamani, nayo nikaiunganisha na ile mpya. Ping, amri ya kujaribu kama kifaa kinafikika, ilijibu vizuri, lakini faili kubwa lilitambaa. Poti ya swichi ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mkono kwenye megabiti 100, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), huku ya swichi mpya ikijipangia yenyewe. Upande unaojipangia hutambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuijua, basi hushuka kwenye nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Ping haiumbui kosa hili kwa sababu pakiti zake (vipande vya data) ni ndogo na chache. Angalia hesabu za makosa kwenye poti: upande wa dupleksi kamili utaona makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika), upande wa nusu utaona migongano ya kuchelewa. Niliweka pande zote mbili zijipangie, makosa yakakoma kuongezeka. Ukiamua kufunga kasi kwa mkono, funga pande zote mbili; upande mmoja pekee ni hatari.

Anwani ya IP, namba ya seva kwenye mtandao, niliichagua nje ya zile zinazogawiwa na DHCP, huduma inayovipa vifaa anwani yenyewe. DHCP ilikuwa ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, nami nilitaka 192.168.1.10. Kabla ya kuiandika kwenye seva niliipigia ping kutoka kompyuta nyingine, kisha nikaendesha arp -a, amri inayoonyesha vifaa ambavyo kompyuta imevipata kwenye mtandao. Usiishie kwenye ping, kwani kuna vifaa vinavyokataa kuijibu ilhali anwani yao ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, inaonekana kwenye arp. Hapo ndipo nilipoikuta printa ya zamani imekalia anwani hiyohiyo. Nikaipa seva 192.168.1.12.

Iliyobaki ni skana. Ilikuwa ikituma nyaraka kwenye folda ya mtandao kwa SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili, na Windows Server 2019 haiji na SMB1 ikiwa imewashwa. Kuiwasha ni rahisi, ila sikubali: itifaki hiyo ina udhaifu unaojulikana, na seva inabeba mafaili ya ofisi nzima. Skana ilikuwa na FTP pia, njia nyingine ya kutuma mafaili, nikaitumia hiyo kwa akaunti yenye ruhusa ya kuandika kwenye folda moja tu. FTP haisimbi nywila, kwa hiyo nywila ya akaunti hiyo isitumike mahali pengine popote.

Mafaili ya zamani, gigabaiti 200, niliyahamisha baada ya haya yote. Kwa megabiti 100 kazi hiyo ingekaribia saa tano. Kwa gigabiti ilichukua kama nusu saa.