Nilivyochagua nywele za kuongezea zinazonifaa jikoni, nyumbani na kwa mtoto

Ukiingia duka la vipodozi barabara ya Dubois, katikati ya Nairobi, maswali ya kwanza ni ya rangi na urefu. Namba moja au namba mbili? Za mabegani au za kiunoni? Hakuna anayekuuliza panja zako zikoje, unafanya kazi gani, au maji kwenu hutoka siku ngapi kwa wiki. Kwangu mimi hayo ndiyo yalipaswa kutangulia, na nilipoyatanguliza, uchaguzi ulirahisika sana.

Mimi ni mpishi wa hoteli. Zamu nzima niko mbele ya jiko na oveni, kofia kichwani na neti chini yake, na mvuke wa masufuria hauniachi. Naishi Umoja, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo kuosha nywele ni jambo la kupangia mitungi. Isitoshe, nilikuwa nimejifungua. Mtoto alipofikisha miezi mitatu hivi, nywele zangu zilianza kudondoka kwa wingi, hasa panjani, mpaka ngozi ikaonekana. Nilitaka kusuka kwa sababu sina muda wa kuchana kila alfajiri kabla ya matatu ya saa kumi na moja, lakini nilitaka kusuka kwa namna ambayo haitanimalizia hicho kidogo kilichobaki.

Daktari wa ngozi alinitenganishia mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Nywele zinazodondoka baada ya uzazi hutokana na mabadiliko ya homoni, na kwa kawaida hurudi zenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Zile zinazotoka kwa kuvutwa na misuko ni habari nyingine. Mvuto ukiendelea kwa miaka, tundu la nywele hufanya kovu, na likishafanya kovu halioti tena. Huko Cape Town, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 walikuta upotevu huu wa kuvutwa kwa asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima waliowachunguza. Karibu mmoja kati ya watatu! Nikakumbuka vipaji vya uso vya shangazi zangu, na kwa mara ya kwanza nikaacha kuamini kwamba vipaji vipana ni vya ukoo wetu.

Basi nikaanza na uzito, kwa sababu nina mizani ya jikoni na naiamini. Zile pakiti kubwa za nywele za kusuka huandikwa gramu 165. Kwa misuko mirefu ya kiunoni, msusi atakuagiza pakiti tano au sita. Sita ni gramu 990, yaani kilo kasoro kidogo, na hiyo ni kabla hazijalowa. Uzito huo haugawanyiki sawa. Nywele za kisogoni ni nene na hustahimili, za panjani ni laini na chache, na msuko mmoja mnene uliofungwa kwenye vinywele kumi vya panjani huvuta usiku na mchana. Nilipoliona hilo kwenye mizani, urefu wa kiunoni niliufuta moja kwa moja. Nikaamua zisipite shingo.

Nikazipitia aina moja baada ya nyingine. Zile za kubandika kwa utepe wa gundi na zile za kubana kwa vishikizo vidogo sikuzifikiria sana. Hushika vizuri nywele zilizonyooka na zenye nguvu, na zangu ni kipilipili bila dawa, tena zilikuwa zimechoka.

Nywele za kushonea niliziwazia zaidi, maana hupendeza na hukaa. Unasukwa matuta ya kulala kichwani, halafu nywele zinashonwa juu yake kwa sindano na uzi. Shida ni kinachotokea chini. Jasho la jikoni linaingia, hewa haipiti, na ukiosha, matuta ya chini huchukua saa nyingi kukauka. Nina mwenzangu wa zamu ambaye anazivaa na anazikausha vizuri, lakini nyumba yao ina draya ya kukalia. Mimi ningeenda kulala na kichwa kibichi, kisha niamke na harufu na mba.

Krosheti ilinivutia kwa wepesi wake. Matuta yanasukwa, kisha nywele zinaingizwa kwa sindano yenye ndoana, na kazi ambayo kwa misuko ingemaliza mchana mzima huisha kwa saa mbili tatu. Kwa mtu mwenye panja nzima ningemshauri aanzie hapo, hasa akinunua zile zilizokwisha kusokotwa. Lakini matuta yenyewe huanzia ukingoni kabisa mwa nywele, na ukingo ndio niliokuwa nautetea.

Wigi nilishaipenda kwa jambo moja: inavuliwa. Ukifika nyumbani unaitundika, kichwa kinapumua, unapaka mafuta ngozi yako. Ila huwezi kuivaa chini ya kofia ya mpishi, joto litakushinda kabla ya chakula cha mchana, na gundi za kubandikia lesi, kile kitambaa chepesi cha ukingo wa wigi, kipajini sikutaka zikaribie vile vinywele vya panjani. Nikaihifadhi akilini kwa ajili ya sherehe.

Kilichobaki kilikuwa misokoto, yaani kusokota nywele mbili mbili badala ya kusuka tatu tatu, na kuanza bila fundo. Kwa mtindo wa zamani, nywele ya kuongeza hufungwa fundo kwenye shina tangu mwanzo, na fundo hilo ndilo linalokunyima usingizi siku ya kwanza. Kwa mtindo wa bila fundo, msusi huanza na nywele zako mwenyewe, kisha anaongeza nyuzi kidogo kidogo akishuka chini. Huchukua muda mrefu zaidi na wasusi hutoza zaidi. Ni haki yao, kazi ni kubwa. Mimi ningelipia hata kama ingebidi nisuke mara chache kwa mwaka.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe bado swali la nyuzi zenyewe. Nywele za kusuka za bei ya kawaida ni plastiki. Aina mashuhuri, Kanekalon, hutengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani na ilitoka mwaka 1957. Hazishiki moto upesi, ila joto kali huzinyausha na kuziyeyusha, ndiyo maana wasusi huzichovya ncha kwenye maji ya moto zisifumuke. Mimi hufungua oveni ya digrii 220 na kuinamia ndani. Lakini lililoamua halikuwa oveni. Mwanangu alikuwa amefikia umri wa kushika kila kitu na kukipeleka mdomoni, na nywele za mama ndizo zilizo karibu zaidi anaponyonya. Februari 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilitoa vipimo vya bidhaa 10 za nywele bandia za kusuka zinazouzwa kwao, na 9 zilikutwa na madini ya risasi. Sikuhitaji kujua kama pakiti za Dubois ni sawa na hizo au la. Mtoto anayenyonya ncha za nywele zangu alinitosha kuchagua nywele halisi za binadamu, za afrokinki, yaani zenye mkunjo wa kipilipili kama zangu, zile zinazouzwa zikiwa huru bila kushonwa kwenye utepe.

Ni ghali, sitaficha. Fungu la gramu 100 lilinigharimu zaidi ya shilingi 8,000, wakati pakiti ya plastiki ni ya bei ndogo sana ukilinganisha. Tofauti ni kwamba plastiki unaitupa ukifumua, na nywele halisi unaziosha, unazichana, unazirudisha. Nilikaa wiki kadhaa nikiweka akiba kwenye M-Pesa kabla sijaenda.

Dukani nilijifunza kutosikiliza majina. Brazili, Peru, Malaysia, hayo mara nyingi ni majina ya biashara tu. Sehemu kubwa ya nywele za binadamu sokoni hutoka India na China. India kuna hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, ambako waumini hunyoa vichwa kutimiza nadhiri na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. China kuna mji wa Xuchang, mkoa wa Henan, unaojulikana kwa viwanda vya nywele. Nilitafuta kilicho mkononi mwangu, si kilicho kwenye kibandiko.

Muuzaji, mama wa makamo aliyekuwa na subira kunizidi, alinionyesha kwa vidole. Alishika ncha za nywele, akapitisha kidole gumba na cha shahada kutoka juu kwenda chini: zinateleza. Akarudisha kutoka chini kwenda juu: zinakwaruza kidogo. "Ukisikia hivyo, mrembo, ujue magamba yanalala upande mmoja," akaniambia. Kila unywele una magamba madogo yanayoelekea nchani. Nywele zilizokusanywa ovyo, mashina na ncha zikichanganyika, magamba yake hukinzana na kufunga mafundo. Wengine huyaondoa magamba kwa asidi na kuzipaka silikoni zing'ae, na ukiosha mara chache mng'ao unaondoka na maji. Kwa hiyo nywele zinazoteleza pande zote mbili kama hariri nilizirudisha kwenye rafu.

Kisha nikamwomba nichome uzi mmoja. Hakukasirika. Alichomoa nyuzi mbili, mmoja wa fungu langu na mmoja wa pakiti ya plastiki, akawasha kiberiti. Wa plastiki ulijikunja ukawa kishanga kigumu cheusi. Wa fungu langu uliungua mara moja, ukaacha jivu lililosagika vidoleni, na ile harufu mpishi yeyote anaijua, ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa kwa ajili ya supu. Nikalipa.

Kusukwa nilikwenda Kenyatta Market. Ukishuka tu, wasusi wanakuzunguka, "Mrembo, kusukwa? Kuja hapa, kiti kiko." Ni mahali pa mikono hodari kweli kweli, na kwa sababu ya haraka, kichwa kimoja hushikwa na wasusi wawili au watatu kwa wakati mmoja. Hilo nililikataa kwa heshima. Kila mkono una mvuto wake, na mara nyingi nimeinuka hapo upande mmoja wa kichwa ukiuma na mwingine hauna habari. Nikamwambia yule niliyemchagua: "Dadangu, nyuma wasaidizi wako wasokote, lakini mbele na panjani ni wewe peke yako." Akacheka, akakubali.

Aligawa kichwa kwa kitana cha mkia, vyumba vikubwa kuliko nilivyozoea, ili kila msokoto ushikwe na nywele nyingi za kwangu. Alipofika panjani alisimamisha mkono, akanyanyua vile vinywele kwa ncha ya kitana, akasema, "Hivi sivishiki." Akaviacha nje na kuvilaza kwa mafuta kidogo tu. Msusi anayejua kuacha ni wa kushikwa kwa mikono miwili, na mimi namrudia yeye tu tangu siku hiyo. Alinisogezea kioo mara kwa mara, akiniuliza kama nasikia kuvutwa. Dalili ni rahisi: nyusi zikinyanyuka, au vikitokea vipele vidogo kwenye mashina, imekaza. Dawa yake ni kufumua hapo hapo. Vidonge vya maumivu vinakupunguzia kelele tu, shina linaendelea kung'oka.

Gramu 100 hazikutosha kichwa kizima hata kwa urefu wa shingo, kwa hiyo kisogoni tulisokota nywele zangu bila kuongeza chochote. Chini ya kofia hakuna anayeona, na nikivua kofia mbele ndiko kunakoonekana.

Huosha kila Jumapili kwa jagi moja na nusu la maji yenye shampuu iliyochanganywa, naipitisha kati ya mistari kwa ncha za vidole, kisha nasuuza. Misokoto mifupi hukauka kabla mtoto hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Usiku ni skafu ya satini. Wataalamu wa ngozi hushauri misuko isizidi miezi miwili au mitatu; mimi hufumua kwenye wiki ya sita, kwa sababu ya mafuta ya jikoni. Ukifumua usishtuke na bonge la nywele litakalotoka. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zote za wiki sita zilikuwa zimefungwa mle ndani. Cha kuangalia ni kama zina kijinundu cheupe upande wa shina kote, au zimekatikia katikati. Zilizokatika ndizo za kuulizia.

Zile za fungu nazifunga kwa uzi upande wa mashina kabla ya kuziosha, nazilaza kwenye taulo, na nikishazichana naziweka kwenye mfuko wa kitambaa. Zimesharudi kichwani zaidi ya mara moja na bado zinakwaruza kidogo nikirudisha kidole juu, kama alivyonionyesha yule mama. Panjani kumeota vinywele vifupi vya urefu wa kucha, na mtoto akishika msokoto naendelea kumnyonyesha bila kumtoa mkono. Kwa harusi ya mdogo wangu Desemba nitavaa wigi, ile yenye mkanda wa kuvutika ndani badala ya gundi, na nimeshamwambia muuzaji wangu wa Dubois anitafutie isiyozidi gramu 150.