Kumbe bado ulikuwa nasi?

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilikaa na daftari kama shahidi anayeitwa mahakamani, nikaandika hoja zao upande mmoja na majibu yangu upande wa pili. Halafu hakuna aliyebisha, na mpaka leo sijatulia.

Mnaokumbuka ule mkataba wa manukuu, yale maandishi ya maneno ya msemaji yanayotokea chini ya video, ambao nimeulalamikia hapa mpaka baadhi yenu mkanichoka, basi pokeeni habari: nimeuacha njiani. Barua pepe ya notisi niliituma kwanza, halafu nikampigia mratibu simu ya video, maana mama alitulea kwamba mtu haagi kwa karatasi peke yake.

Nikamwambia, "Kaka, nimeamua kusitisha mkataba kabla ya muda wake. Notisi ya siku 14 nimeshakutumia, kama kifungu cha 9 kinavyotaka."

"Sawa dada, hamna shida kabisa." Akatazama pembeni, nadhani kwenye kioo kingine. Kisha, kwa upole wote, "Kumbe bado ulikuwa nasi?"

"Ndiyo, bado nipo," nikasema, nikacheka. Naye akacheka. Tukatakiana kila la heri, simu ikakatwa.

Sasa niambieni mtu afanye nini na sentensi ya namna hiyo. Naosha vyombo, ipo. Nazima taa, ipo. Juzi mdogo wangu kajifungua mapacha, wote wazima na mama yao mzima, mie nimempakata mmoja wao pale wodini nikajikuta namnong'oneza, "Kumbe bado ulikuwa nasi?" Mtoto wa watu akapiga chafya.

Nimejaribu kumtetea. Pengine alinichanganya na yule mwenzetu aliyeondoka mapema. Pengine alidhani mkataba wangu uliisha na kile kifurushi cha kwanza cha video. Lakini wiki iliyotangulia si ni yeye aliyeniandikia usiku wa manane, akitaka faili liwe tayari asubuhi? Alikuwa anamwandikia nani? Faili alilipata asubuhi hiyo, na akajibu kwa kile kidole gumba chake.

Nilishaeleza kwa nini nilitaka kutoka, ila nirudie kwa ufupi kwa sababu hiyo hasira inanisaidia. Mwanzoni video ilikuja tupu: unasikiliza, unaandika, unapanga muda wa kila mstari kutokea na kutoweka. Baadaye zikaanza kuja na manukuu yaliyokwisha kuandikwa na programu, na malipo ya kila dakika ya video yakashuka, kwa maelezo kwamba "ni kurekebisha tu". Aliyewahi kurekebisha anajua. Programu siku hizi inasikia, siibishii, ila haijui mtu anavuta pumzi wapi. Inakata mstari katikati ya jina, la kwanza likabaki juu na la ukoo likashuka chini. Msemaji anakohoa, yenyewe inaandika neno. Maandishi yanabaki kwenye kioo wakati picha imeshabadilika, fremu nne hivi, yaani zile picha mojamoja zinazofuatana mpaka zikawa video. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya sekunde, na amini usiamini, jicho linaiona na linakereka bila kujua limekereka na nini.

Kuna mama mmoja kwenye zile video za usalama kazini, anafundisha kunyanyua mizigo: kunja magoti, mzigo uwe karibu na mwili, usizungushe kiuno ukiwa umeubeba. Yote hayo anayasema kwa pumzi moja, na bado anapata nafasi ya kumkemea kijana aliyesimama vibaya nyuma yake. Mwongozo unataka mistari isizidi miwili, herufi 42 kila mmoja ukihesabu na nafasi, na mtazamaji asilazimishwe kusoma zaidi ya herufi 17 kwa sekunde. Yule mama hakuambiwa habari za herufi 17. Kwa hiyo unakaa unapunguza maneno yake bila kupunguza alichosema, unatoa kiungo hiki, unarudisha kile, unasogeza mwanzo fremu mbili ili apate kukemea kwa raha. Hapo hujarekebisha kitu, umeandika upya, kwa bei ya kurekebisha. Nilimpenda yule mama lakini. Nilimaliza video yake ya mwisho kabla ya kutuma notisi, kwa kuwa mkataba haukusema kitu juu ya kazi iliyofika nusu, nami sikutaka kuacha nusu ya kugombania.

(Ninyi mnaoanza kazi za kujitegemea, kitafuteni kifungu cha kusitisha kabla hamjatia saini. Cha kwangu kilimruhusu yeyote kati yetu kutoka kwa notisi ya maandishi, na kazi iliyokwisha kukabidhiwa na kukubaliwa ikalipwa. Ipo mikataba inayompa ruhusa hiyo mteja peke yake, na mtu anakuja kuisoma siku ameshachoka. Na atakayewaambia mmekosa uaminifu kwa kukitumia, muulizeni kiliwekwa cha nini.)

Dada yangu mnamjua. Nilimsimulia akanyamaza, nikadhani ananihurumia. Kumbe anajizuia.

"We mtoto, ulitaka wagaegae chini?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Basi. Kidogo."

Majibu yangu bado yako daftarini, hayajatumika. Lipo la kumjibu akisema nawaacha wakati kazi imebana. Lipo la akiniongezea malipo, na hilo nililipamba hasa, nakataa kwa heshima mpaka mwenyewe nikajionea huruma. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa jibu la mtu asiyekumbuka kama nipo.

Jana ndipo mambo yalipogeuka. Nilikuwa nakabidhi, siku za notisi bado hazijaisha: faharasa ya majina na istilahi, orodha ya video zilizokwisha na zilizobaki, na faili zenyewe za kazi, ili atakayekuja asianze kupanga muda upya. Vitu vya kumwachia mtu umpendaye. Nusu vimepanda, folda ikatoweka. Kwenye kioo: huna ruhusa ya kufungua folda hii.

Nikamwandikia, "Kaka, nimefungiwa nje na makabidhiano ninayo mkononi."

Akajibu upesi kuliko alivyowahi kunijibu tangu tujuane. "Samahani sana dada, mfumo umekuondoa. Kwani kulikuwa na kitu cha kukabidhi?"

Nilicheka mpaka watoto wakaja kutazama. Sijacheka hivyo siku nyingi, machozi kabisa. Maana swali ni lilelile! Huyu bwana kwake video inaingia upande huu, inatoka upande ule ina maandishi, na katikati hapana mtu. Hakuna aliyekaa na yule mama wa mizigo wakivutana juu ya herufi. Basi hakunidharau mimi kama mimi, na sijui kama hiyo ni afadhali, lakini toka hapo ile sentensi imeacha kunifuata jikoni. Nimempelekea kila kitu kwa barua pepe, chenye tarehe, nikajibakizia nakala. Faharasa nimeiwekea maelezo marefu mwanzoni, si kwa ajili yake, ni kwa huyo atakayeifungua usiku akiwa amekwama.

Ankara ya mwisho nayo imekwenda. Wana siku 30 za kulipa tangu waipokee, na nimeiandika tarehe hiyo kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, maana waliosahau kwamba nipo wanaweza kusahau na hilo. Usiku simu haikulia. Nililala mpaka jua likanikuta, nikaamka sijui nianze na nini, nikaanza na kutofanya kitu.

Ila kitinda mimba wetu ana jambo. Alipopiga miayo jana jioni nikaona jino la ukubwani limechomoza nyuma ya lile la chini la mbele, na la utotoni wala halijaanza kucheza sawasawa. Dada anasema langu lilikuwa vivyo hivyo, likadondoka lenyewe. Baba yake anasema ling'olewe. Mwenyewe anauliza kama atabaki na yote mawili, na naona anaomba iwe hivyo. Nimemwambia awe analisukumasukuma kwa ulimi, asubuhi nitampigia daktari wa meno nione kama ana nafasi kabla shule hazijafunguliwa.