Dirisha nililolifunga usiku wa mvua

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nashindwa kuliandika, leo nimeona niliandike tu hivyohivyo hata likitoka bila mpangilio, manake kila nikimwona Pamba amelala na kile kipara chake karibu na mkia linanirudia upya.

Pamba ni paka wangu, dume, mweupe wote isipokuwa sikio moja la kijivu, ana miaka 4. Tangu mdogo nilikuwa namwachia dirisha la jikoni wazi kidogo, kiasi cha yeye kupita. Usiku anatoka anazunguka huko anakojua mwenyewe, alfajiri namsikia anatua juu ya meza kisha anakuja kunikanyagakanyaga tumboni mpaka niamke. Nilikuwa naamini kabisa kwamba paka ukimfungia ndani unamtesa. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo, tena kwa uhakika, kwamba paka ni mnyama wa kuzurura, mwache aishi maisha yake.

Usiku ule ilinyesha mvua ya upepo, maji yakawa yanaingia jikoni, nikaamka nusu usingizini nikafunga dirisha nikarudi kulala. Sikuangalia kama yupo ndani. Yaani hata sikumuwaza. Usiku wa manane nikasikia paka wanagombana nje, ile sauti ndefu inayofanana na mtoto analia, nikajivuta shuka kichwani, nikajua ni wale wa mtaani wamekutana tena. Asubuhi nilipofungua mlango alikuwa amejikunyata pale kizingitini, amelowa chapachapa, akanipita bila hata kunitazama akaenda moja kwa moja chini ya kitanda. Nikamtoa nikamfuta kwa taulo, nikamkagua haraka haraka uso, masikio, miguu ya mbele, sikuona damu, nikamshukuru Mungu nikaenda kazini.

Siku ya tatu ndo akaacha kula. Chakula cha usiku kikawa kimekauka bakulini, yeye kajibanza nyuma ya kabati, na nilipomgusa mgongo akageuka kunionyesha meno, Pamba ambaye hajawahi kunitolea hata kucha. Masikio yalikuwa ya moto. Nikapitisha mkono taratibu kurudi nyuma mpaka shina la mkia, nikakutana na uvimbe saizi ya limau hivi, unabonyea, una joto lake peke yake. Dada mmoja kazini akaniambia nimpe nusu kidonge cha paracetamol ashushe homa, na nashukuru sana sikumpa, manake daktari aliniambia baadaye kwamba mwili wa paka hauwezi kuisafisha ile dawa kama wetu unavyofanya, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Kwa daktari wa mifugo wakamnyoa pale kwenye uvimbe. Ndo nikaviona: vitundu viwili tu, vidogo kama vimechomwa na sindano nene, na vyote vilishajifunga. Daktari akanieleza kwamba jino la paka ni jembamba na refu, linazama ndani kabisa halafu ngozi ya juu inaziba haraka, wale bakteria wa mdomoni wanabaki wamefungiwa humo humo wanatengeneza usaha, kwa hiyo siku ya kwanza unaona paka mzima na siku ya tatu una paka mwenye homa kali. Alipopasua, harufu yake sitaisahau. Wakasafisha, wakampa antibayotiki, na kwa kuwa chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikuwa kwenye kadi wakamchoma ya kuongezea hapohapo. (Hapa niseme kitu, paka naye anapata kichaa cha mbwa na anaweza kukuambukiza. Ukiumwa au ukiparuliwa na mnyama usiyemjua osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje uone kama utaugua, manake dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.)

Alipokuwa anamalizia kusafisha akasema, wala hakunitazama, "Huyu alikuwa anakimbia, dada."

Nikamuuliza umejuaje. Akasema paka anayekabiliana na mwenzake mara nyingi anang'atwa usoni, shingoni, au miguu ya mbele. Aking'atwa nyuma namna hii ujue alishageuka.

Sikusema kitu. Nilikuwa najua alikuwa anakimbilia wapi. Alikuwa anarudi dirishani.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namwambia samahani kwenye kile kikapu chake, naye yuko nusu kalewa dawa hata hasikii.

Na si kidonda peke yake. Kuna virusi vinaitwa FIV, wengine wanasema ukimwi wa paka, havimuambukizi binadamu ila kwa paka vinapita hasa kwa kung'atwa, mate ya mgonjwa yanaingia moja kwa moja mwilini. Kipimo cha siku ile kilionyesha hana. Lakini kile kipimo hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza kupambana navyo, na mwili unachukua muda kuzitengeneza, so tuliambiwa turudi baada ya siku 60 apimwe tena. Leo ni siku ya 41.

Sasa aliyemng'ata nilikuwa namjua. Ni lile shume la rangi ya chungwa, kichwa kikubwa, mashavu yamejaa kama madume yasiyohasiwa yanavyokuwa, sikio limechanika. Nilikuwa na hasira nalo sana. Niliwahi kulimwagia maji kabla ya haya yote, na baada ya Pamba kuumia nilitaka kabisa lipotee pale mtaani. Jirani mmoja akasema tutege sumu. Hapo ndo nikashtuka, nikakumbuka paka wa nyumba ya pili aliyekufa kwa kula panya aliyekula sumu, ile sumu inazuia damu isigande na inachukua siku kadhaa kuonekana, mpaka wanagundua ufizi umekuwa mweupe ilikuwa imechelewa. Nikamwambia yule jirani, mama, tafadhali, hapana.

Nikaanza kuliangalia tu kupitia kioo. Mchana lilikuwa linalala chini ya magari, jioni likisikia gari limeingia linaifuata injini yenye joto na kupanda humo ndani, ndo maana siku hizi kila asubuhi nawaomba majirani wagonge boneti kabla ya kuwasha. Jioni moja nikaliwekea chakula uani. Likala kichwa kimeinama upande, linatafuna na shavu moja, linadondosha, linaokota, linadondosha tena, na ute unaning'inia mdomoni. Lilikuwa na njaa halafu kula kwenyewe kunauma. Likiwa limeinama hivyo ndo nikauona mstari shingoni, mwembamba, umezunguka shingo yote, manyoya hayaoti pale. Alama ya mkanda.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Kumbe alikuwa wa mtu. Kuna mtu aliwahi kumfunga ule mkanda, akampa jina, labda alihama, labda alimtafuta akachoka, siwezi kujua. Miaka yote mimi nilikuwa namwita paka wa mtaani kana kwamba mtaa ndo ulimzaa.

Sitaki kurefusha habari ya kumkamata, ilichukua usiku minne kwa mtego wa kasha wa kuazima, chakula kikiwa mwisho kabisa na mlango unaojishusha nyuma yake. Kitu kimoja tu nimejifunza na nawaambia: akishaingia mfunike kasha na shuka mara moja, giza linamtuliza, vinginevyo atajiumiza pua kwa kupigana na zile nondo. Akahasiwa, akachanjwa, akang'olewa meno mawili yaliyooza, na wakampunguza ncha ya sikio akiwa usingizini, ile ni alama ya kuonyesha kwamba huyu tayari, asikamatwe tena. Wakampima pia. FIV anayo.

Daktari akaniambia nisilie, paka mwenye FIV anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa vizuri, na dume akihasiwa hamu ya kuzurura na kupigana inapungua sana. Nilimsikia. Ila hesabu ya siku 60 tangu siku hiyo imekuwa nzito mno.

Shume nimemwekea sanduku la mbao uani, nimeliinua kidogo kutoka chini lisiingize maji. Siku ya kwanza hakulitazama, siku ya sita nikakuta manyoya ya chungwa kwenye lile blanketi. Bado hataki kuguswa na simlazimishi.

Pamba hatoki tena. Wiki mbili za kwanza alilia dirishani kila usiku na mimi nikilia chumbani, sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Nimempigilia rafu pembeni ya kioo aone nje, jioni nacheza naye na kamba mpaka ahemewe ndo nampa chakula, na kilio kimepungua mpaka sasa ni kile cha alfajiri tu. Manyoya pale mkiani yameanza kurudi, laini kama ya kitoto. Kila usiku kabla ya kufunga dirisha la jikoni namtafuta kwanza, chumba kwa chumba, wala simwiti, nataka nimwone kwa macho. Jana alikuwa ndani ya kikapu cha nguo chafu. Nikamgusa sikio, halikuwa na joto, nikarudi nikafunga.