Tiki moja

Masika ya 2018 Nungwi ilinyesha hata mashua zote zikapandishwa juu, zikafunikwa maturubai. Wageni hakuna, pesa hakuna. Mimi, mtu mzima wa miaka 29, nilikuwa nimekaa kitako juu ya mkeka na mpwa wangu wa miaka 7, laptopu ya kuazima imewekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, tunatazama filamu ya Kifaransa. Mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imebakiwa na yuniti mbili na kidogo. Nilipiga hesabu kuwa zitatufikisha mwisho wa filamu, kesho tutajua kesho.

Filamu yenyewe ni Demain tout commence, ya Hugo Gélin, iliyotoka Ufaransa Desemba 2016. Alinitilia kwenye flashi mgeni mmoja wa Kifaransa tuliyempeleka Mnemba kutazama samaki. Siku ile nilikuwa na mizaha yangu ya kawaida, naimba, napiga ngoma kwenye dumu la maji, nawachekesha wake za watu. Mgeni akanitazama weee, akasema kuna filamu amecheza Omar Sy, na yule nahodha wa ndani ni mimi mtupu.

Nikavimba kichwa. Omar Sy namjua: ndiye yule wa Intouchables, aliyechukua tuzo ya César ya mwigizaji bora 2012, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Nani atakataa kufananishwa naye? Mgeni hakuniambia huyo nahodha ni mtu wa aina gani.

Basi ni hivi. Samuel anaishi pwani ya kusini mwa Ufaransa. Mchana anaendesha boti za watalii, usiku ni starehe, na hana analolijali duniani. Siku moja anatokea mwanamke, Kristin, na mtoto mchanga. Anamwambia huyu ni wako, anampa amshike, anaomba hela ya teksi, na ndiyo kaondoka. Samuel anamfuata mpaka London amrudishie mtoto wake, asimpate. Miaka minane inapita. Anamlea yule binti, Gloria, kwa kazi ya kuruka na kuanguka badala ya waigizaji wenye majina.

Mimi sikuletewa kwa teksi, nililetewa kwa daladala. Novemba 2017, saa tano asubuhi, nami bado nimelala kwa sababu jana yake ilikuwa ful muni, ile sherehe ya mwezi mpevu ya Kendwa, dada yangu akagonga mlango. Mkono mmoja mtoto, mkono wa pili begi la rangi ya zambarau. "Miezi mitatu tu, mpaka nitulie Muscat." Alikuwa amepata kazi ya nyumbani huko. Mama yetu, ambaye ndiye angelea, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, na mtoto ndiye aliyebeba jina lake. Dada aliniachia karatasi: dawa ya pumu iko mfuko wa mbele, chuoni, kusoma Kurani, anakwenda baada ya skuli, asile pweza usiku. Mimi mpaka siku ile nilikuwa sijapata kupika hata chai. Nilikuwa nakula kwake.

Sitaki kujifanya shujaa. Uji niliunguza mara nyingi mpaka sufuria ikawa na rangi yake. Pini ya ushungi nilimchoma nayo kidevuni asubuhi ya kwanza ya skuli, na asubuhi ya pili akaniambia, "Lete, nitafunga mwenyewe." Siku mbili tatu nilimchukua mashuani badala ya darasani, tukamwambia mwalimu ana homa. Akawa anajua kusema "bonjour" na "attention la tête", yaani chunga kichwa, kabla ya kujua jedwali la tatu.

Dada alikuwa akipiga kila Ijumaa baada ya alasiri. Kufika Februari, kimya. Baadaye tulikuja kujua kuwa tajiri wake alikuwa ameichukua simu, na dada mwenyewe alirudi salama mwaka uliofuata, lakini hiyo ni hadithi yake, ataisimulia akitaka. Mimi nazungumzia zile Ijumaa. Mtoto anarudi chuoni, anatandika msala pembeni, anakaa mbele ya simu kama mtu anayengoja chombo kiingie. Ijumaa ya kwanza nilisema mtandao mbovu. Ya pili nilisema mtandao mbovu. Ya tatu nikaishika simu, nikakunja uso kama msomi, nikasoma: "Mwanangu mpenzi, mimi mzima, nyumba ninayokaa ina lifti..."

Uongo ukanogewa. Ijumaa iliyofuata mama aliona ngamia. Iliyofuata tena alipanda gari lenye baridi ndani kama friji. Kisha nikaahidi baiskeli, ya waridi, yenye kikapu. Sijui ilinitoka wapi hiyo baiskeli.

Turudi kwenye mkeka. Filamu haina maandishi chini, kwa hiyo kila neno lilipita kwangu. Kifaransa changu ni cha baharini. Nilisoma jioni mjini miaka miwili, kilichobaki nilikiokota mashuani, na mambo ya mahakamani au hospitali hayamo. Pale nisipojua nilijaza. Mtoto alicheka hadi akapaliwa alipoiona ile nyumba yao ya London, rangi kila pembe, ndani kama uwanja wa michezo. "Mjomba, nyumba yetu mbona haina?" Akafurahi zaidi kuona Samuel amekaa Uingereza miaka minane na Kiingereza hajui, mwanawe ndiye mkalimani wake. Kwetu ilikuwa kinyume, ingawa si kinyume sana, maana kwenye hesabu za duka ni yeye aliyekuwa akinisahihisha.

Halafu ikafika pale. Samuel anakaa kwenye kompyuta, anamwandikia Gloria barua pepe kwa jina la mamaake. Amemwambia mama ni jasusi, anazunguka dunia kwa kazi za siri, ndiyo maana haji.

Nikanyamaza.

"Anasema nini?"

"Anafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Za ofisini tu."

Sikumwangalia. Nje maji yalikuwa yakipiga bati, na nilishukuru kwa kelele ile. Mgeni wangu alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Nilimtazama Omar Sy akiandika, lile tabasamu lake limejaa kioo, nikamwona mtu anayejidanganya kuwa anamfanyia mtoto hisani. Nilitamani yuniti ziishe.

Haziishi unapotaka. Mama anarudi kweli, kesi inaletwa mahakamani, vipimo vinaonyesha Samuel wala si baba wa damu, na mwishoni Gloria anafariki kwa maradhi. Kusema kweli filamu inakukamua machozi kwa mikono miwili, haina haya hata kidogo. Nilikuja kujua kuwa ni ya kuigiza upya, ya asili ni ya Meksiko, 2013, ya Eugenio Derbez, nayo inakamua vilevile. Lakini usiku ule sikuwa mhakiki. Nilikuwa na mtoto wa miaka 7 mwenye pumu amejiegemeza mbavuni mwangu, na mtoto wa kwenye kioo anakufa. Nikatafsiri kwamba Gloria ameondoka na mama yake, wamekwenda kutembea, mbali.

"Kwa hivyo mbona baba yake yuko peke yake?"

"Atawafuata."

"Mbona ana huzuni?"

"Tiketi ghali."

Hakucheka. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikainuka nizime, akanishika kanzu.

"Mjomba."

"Naam."

"Yule baba ndiye aliyekuwa akiandika zile barua. Si kazi za ofisini."

"Eeh."

"Na wewe ndiye unayeandika."

Nikajaribu kucheka. Nikamuuliza kaambiwa na nani, nikataja jirani mmoja mwenye mdomo. Akatikisa kichwa.

"Mama haniiti mwanangu mpenzi. Mama ananiita mama."

Wallahi nilihisi kama nimemwagiwa ndoo. Jina la mama yetu. Dada hajapata kumwita vingine tangu siku aliyompa jina lile, na mimi nilikuwa nikilisikia kila siku nikija kula kwake, "mama njoo", "mama nawa mikono". Nimezaliwa tumbo moja na yule mwanamke, na nilipokaa kumwigiza nikaazima maneno ya kwenye nyimbo.

"Tena nimesoma," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya kushitaki kidogo, kama anavyonisema kuhusu uji. "Kwenye simu yako. Zote za kwako. 'Dada uko wapi.' 'Dada nijibu basi.' Zina tiki moja moja."

Darasa la pili. Nilikuwa nimesahau kuwa mtoto anayepelekwa skuli huishia kujua kusoma.

"Tangu lini?"

"Siku ya baiskeli."

Nikahesabu. Tangu siku ya baiskeli zilikuwa zimepita Ijumaa nne. Ijumaa nne alikuwa ametandika msala wake, akakaa, akanisikiliza nikimsomea lifti na ngamia, akauliza maswali yake pale panapotakiwa kuulizwa, akasema amina mwishoni.

"Mbona hukusema?"

Akafikiri. Alikuwa akichezea uzi wa mkeka, anauzungusha kidoleni hadi ncha ikawa nyeusi, anauachia.

"Ungelia."

Nikamwambia mimi silii ovyo. Akasema nilie tu, yeye hatasema. Kisha akanyosha mkono, "Lete simu." Nikampa. Akatafuta jina la mamaake bila kuuliza, akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akaileta simu mdomoni karibu sana, kama anataka kuila.

"Mama, ni mie. Mjomba kaunguza uji leo tena. Dawa bado ipo. Baiskeli si lazima."

Akaachia kidole. Ikaenda. Tukainamia kioo sote wawili, vichwa vinagusana, tunaitazama ile tiki moja, mpaka simu ikazima mwanga yenyewe.