Kutoka Pettah hadi Mihintale: Ayurveda kwa mimea ya Sri Lanka

Uchochoro wa Gabo's Lane, ndani ya soko la Pettah mjini Colombo, ni mahali pa kuziona dawa za Ayurveda, tiba ya jadi yenye asili ya Bara Hindi, kabla hazijapikwa. Magunia ya matunda makavu, matita ya mizizi, vipande vya mashina, vifurushi vya majani yaliyokauka pamoja na maua yake. Nilianzia hapo kwa sababu vitabu vikongwe vya elimu hii viliandikwa Bara Hindi, na sehemu ya mimea vinayoitaja huota kwenye miteremko ya Himalaya, penye baridi ambayo kisiwa hiki hakina. Waganga wa Sri Lanka wametibu kwa elimu hiyo karne kwa karne. Nilitaka kuona mmea usiopatikana unapewa kibadala gani, na kwa kipimo kipi.

Kibadala cha kwanza kipo dukani wazi wazi. Vitabu vinataja daruharidra, kichaka chenye miiba cha Himalaya, Berberis aristata. Ukiuliza hapa, unapewa weniwel, Coscinium fenestratum, mtambaazi wa msituni unaopanda juu ya miti mirefu. Kwa sura haihusiani hata kidogo. Lakini yote miwili ni michungu na yote ina berberini, kemikali ambayo ndiyo inayoipa rangi ya njano. Kipande kizuri cha weniwel kina mistari inayotoka katikati kwenda kwenye gome, na kikilowekwa maji hugeuka njano. Rangi peke yake isikuridhishe, maana kijiti chochote hupakwa rangi. Kionje: uchungu wake hubaki ulimini muda mrefu. Berberini hiyo hiyo ndiyo sababu wajawazito na watoto wachanga hawafai kupewa dawa hii.

Kuonja si mbwembwe. Ayurveda huupima mmea kwa ladha sita (utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi), kisha kwa joto au ubaridi unaouleta mwilini, kwa ladha inayobaki baada ya kusagwa tumboni, na kwa sifa kama uzito, wepesi au mafuta. Kibadala lazima kikubaliane na mmea wa asili katika mambo hayo, na kitumike kwa maradhi yale yale. Bhavaprakasha, kitabu cha karne ya 16, kina orodha nzima ya vibadala: mahali pa meda na mahameda, mimea ya milimani iliyokuwa adimu tangu zamani, tumia shatavari, mahali pa kakoli tumia ashwagandha. Kina na sharti ambalo wanaoanza hulisahau: kiungo kikuu cha dawa hakibadilishwi. Kama hukipati, tafuta dawa nyingine. Vinavyobadilishwa ni vile vya kusindikiza.

Na hapo ndipo biashara inapoharibu mambo. Bin kohomba, Munronia pinnata, ni mmea mfupi wa kivulini msituni, wa familia moja na mwarobaini, na hutumika mzima kwa homa. Hukua polepole, ni adimu na bei yake iko juu. Mahali pake sokoni huuzwa sana Andrographis paniculata, ambao hustawi haraka shambani na ni mchungu kupindukia. Uchungu unafanana, ila familia ni tofauti na kemikali ni tofauti. Muuzaji mkweli atakwambia ni upi. Ukiuziwa mkavu, tazama shina: la Andrographis lina pembe nne, unazihisi ukilizungusha kati ya vidole, la bin kohomba ni la mviringo na lina ugumu wa mti. Unga usinunue kabisa, kwa sababu ukishasagwa hakuna pembe ya kuhesabu. Andrographis yenyewe si dawa mbaya. Kosa ni kuuzwa kwa jina lisilo lake, kwa sababu mgonjwa asipopona, mganga hajui alimpa nini.

Kutoka stesheni ya Fort, treni ya kaskazini hupita Polgahawela na kufika Kurunegala. Huko niliona mchemsho wa paspanguwa, dawa ya kienyeji ya mafua na homa, ukipikwa kwa taratibu zake. Viungo ni vitano: giligilani, tangawizi kavu, weniwel, katuwelbatu (jamii ya ndulele yenye miiba) na pathpadagam. Hiki cha mwisho ni mfano mwingine wa jina moja lenye mimea mingi, kwani parpata (jina lake la vitabuni) ya kaskazini mwa India ni Fumaria, wakati pathpadagam ya hapa ni mmea mdogo wa familia nyingine kabisa.

Kipimo cha Sri Lanka ni kalan 12 za dawa kavu kwa patha 8 za maji, ichemke mpaka ibaki patha 1. Kwa mizani ya leo ni gramu 60, yaani gramu 12 za kila kiungo, kwa mililita 1,920 za maji, hadi zibaki 240. Nusu hunywewa asubuhi, nusu jioni. Ujanja wa kupima bila kumimina kila mara ni huu: tia kwanza mililita 240 kwenye chungu kitupu, simamisha kijiti, kikate alama usawa wa maji, ndipo uongeze 1,680 zilizobaki pamoja na dawa. Utajua umefika maji yakirudi kwenye alama. Makapi huinua maji kidogo, kwa hiyo chuja na upime tena. Ikizidi, rudisha motoni.

Moto uwe mdogo na chungu kiwe wazi. Wapishi wenye haraka huchochea moto, maji yanakwisha kabla mizizi haijatoa kitu, na kilichobaki ni maji ya rangi yenye harufu ya kuungua. Viungo vipondwe vipande vidogo, visisagwe unga, la sivyo unapata uji usiochujika unaoshika chini. Sufuria ya chuma haifai, hasa kwa dawa zenye ukakasi kama aralu (tunda la Terminalia chebula), kwa kuwa tanini, kemikali inayoleta ukakasi, hukutana na chuma na mchemsho hugeuka mweusi. Mchemsho wa leo ni wa leo. Kesho unachacha.

Ganewatta iko mbele kidogo kwenye reli hiyo hiyo, na ina bustani ya serikali ya mimea ya dawa. Faida yake kwa mgeni ni kuona mmea hai pamoja na jina lake la kisayansi, maana majina ya mtaani ndiyo chanzo cha nusu ya makosa. Gotukola (Centella asiatica), kwa mfano, jani lake lina mkato mahali kikonyo kinapoingia. Baadhi ya Hydrocotyle wanaodhaniwa ndiyo, kikonyo chao huingia katikati ya jani. Hata ukiwa umepata wenyewe, uliuchuma wapi? Huota majimajini na hunywa uchafu wa mtaro, kwa hiyo wa kando ya barabara uache.

Rasakinda, Tinospora cordifolia, imepanda juu ya miti. Hapa pana kanuni ya uzito: dawa mbichi huwekwa mara mbili ya kavu, kufidia maji yaliyomo. Rasakinda na hathawariya, ndiyo shatavari, hazimo katika kanuni hiyo, kwa kuwa zimewekwa katika kundi la dawa zinazotumika mbichi, na uzito wake hauongezwi. Jihadhari na sapsanda, Aristolochia indica. Jamii hiyo ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa waliopewa Aristolochia badala ya mmea mwingine wa Kichina wenye jina linalokaribiana waliharibikiwa figo. Hiyo haina kibadala cha kujadili. Iondoe kwenye orodha.

Mihintale, mashariki ya Anuradhapura, kuna magofu ya hospitali ya karne ya 9 na hori la jiwe lililochongwa kwa umbo la mtu, ambamo mgonjwa alilazwa ndani ya mafuta au maji ya dawa. Hakuna anayepika mafuta kwa wingi huo leo, lakini uwiano ni ule wa vitabuni: sehemu 1 ya dawa iliyopondwa ikawa rojo, 4 za mafuta, 16 za mchemsho. Pika taratibu mpaka maji yaishe. Chukua rojo kidogo, lisokote kati ya vidole. Likikubali kuwa utambi na likitiwa motoni bila kutatarika, maji yameisha. Mafuta hutoa povu yakiiva, ilhali samli povu lake hutulia. Ukiwahi kuyatoa, maji yaliyobaki huyachachisha. Ukichelewa, rojo linakuwa jeusi na gumu, na nguvu imekwenda.

Vibadala havikosekani hata hapa. Vitabu hutaja zaidi mafuta ya ufuta, na kisiwa hiki kina nazi tele. Kwa kichwa chenye joto au ngozi inayowaka, nazi inafaa kwa sababu ni baridi. Kwa viungo vinavyokaza na kuuma kwa ubaridi, nazi huongeza shida ile ile unayoitibu, hivyo ufuta unabaki kuwa ufuta, hata kama itabidi kuutafuta mji wa pili.