Stadi 12 za hedi, na ubishi wangu na Ami

Dalili ya kwanza ilikuwa ile chupa ya akiba ya maji ya rejeta. Nikizunguka mjini Mombasa, Mwembe Tayari hadi Nyali, geji ya joto haisogei. Nikitoka Changamwe kupanda Mazeras, nikakwama nyuma ya lori la kontena, nikakanyaga mafuta nilipite, sindano inapanda. Nikiachia, inashuka. Nyumbani nafungua boneti nakuta chupa imejaa hadi shingoni na inanuka moshi.

Gari ni Impreza WRX STI ya 2005, injini ya EJ207, lita 2. Kiwandani ilipewa farasi 280. Hazikunitosha. Nikampa kijana mmoja aipange upya kompyuta, presha ya tabo, ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, ikapanda hadi bar 1.5, na kwa miezi minne hakuna aliyeniambia kitu barabarani.

Ami, fundi wangu wa Shimanzi, alitia dawa ya buluu kwenye kipimo chake cha kioo, akakikita mdomoni mwa rejeta, akaniambia nipige resi. Dawa ikageuka manjano.

"Moshi unaingia kwenye maji, mwanangu. Hedi inanyanyuka."

Injini hii ina hedi mbili, yaani vifuniko vya silinda, moja kila upande wa bloki; kila moja hushikwa na bolti sita, 12 kwa jumla, unene wake milimita 11. Bolti ukiikaza hurefuka kidogo sana, kama mpira uliovutwa, na ile hamu ya kurudi ndiyo inayoibana gasketi iliyo kati ya hedi na bloki. Mlipuko ndani ya silinda husukuma pistoni huku na hedi kule. Nguvu yake ikiushinda mbano wa bolti, hedi hupumua kidogo tu, gesi ikapata njia ya kwenda kwenye maji. Ndiyo maana mjini gari lilikuwa halina neno.

Stadi nazo? Ni vyuma visivyo na kichwa, vyenye uzi ncha zote mbili, vinavyochukua nafasi ya bolti. Bolti unaizungusha ndani ya uzi wa alumini wa bloki huku ukiivuta, kwa hiyo inapata msokoto na mvuto kwa pamoja, na sehemu ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano. Stadi huingizwa kwenye bloki kwanza, ikatulia, kisha nati inakazwa kwa juu, kwenye uzi mwembamba wa chuma juu ya washa ngumu. Alumini haikwaruzwi, na mbano unakaribia kile ulichokusudia. Mpwa wangu aliniletea seti ya ARP kwenye begi akitoka Dubai. Hao ni watu wa California, wamekuwa wakitengeneza bolti za mashindano tangu 1968. Chuma chao cha 8740 wanakipa nguvu ya kuvutwa ya psi 200,000, kile cha ARP2000 psi 220,000.

Vijiweni utasikia stadi "zinaimarisha bloki". Mimi nimeacha kusema hivyo. Bloki ni ile ile ya alumini, na ukuta wa silinda wenye udhaifu una udhaifu wake ule ule. Kilichoongezeka ni mbano wa hedi. Na hedi iliyopinda hata ukiibana na nini itavuja: moja ya zangu mkerezaji aliilaza rula ya chuma, bamba la kupimia upenyo likapita katikati bila kusukumwa. Zote mbili zikapigwa fesi, yaani zikasawazishwa uso.

Injini ikiwa chini, ubishi ukaanza. Ami alitaka kupitisha tapi, kile chuma cha kukatia uzi, kwenye matundu ya bloki. Nikamwomba asifanye, tapi inakata na alumini haina ya kukatwa. Akanitazama, akachukua bolti moja ya zamani, akaichanja mfereji kwa msumeno wa chuma, akaipitisha tundu kwa tundu kwa vidole. Uchafu ukatoka ndani ya ule mfereji. Hapo nilinyamaza.

Kisha tukapuliza matundu kwa upepo wa kompresa. La tatu likatema maji ya kijani usoni mwangu. Haya si mambo ya kucheka, kwani tundu lile lina mwisho, na kimiminika hakibonyei. Ukiteremsha chuma juu yake ukalazimisha, kitakachopasuka ni bloki.

Stadi zikaingia kwa mkono tu. Ami alitaka kuzifunga nati mbili azikaze "zisikimbie". Karatasi ya sandukuni inakataa. Kwenye nati akashika kopo la oili ya injini, nikampa mafuta yaliyokuja na seti, kwa sababu kipimo kilichoandikwa ni cha mafuta hayo. Ukipaka oili, msuguano unazidi, spana inakuonyesha namba ile ile na mbano ni mdogo. "Mkono wangu ndio toki," akasema, yaani ndio kipimo cha nguvu ya kukaza. Nikamkabidhi toki renchi ya kuazima. Tukakaza kwa hatua tatu, kutoka katikati kwenda nje.

Stadi zina ubaya mmoja: siku hedi itakapohitaji kutoka, injini lazima iteremshwe, maana stadi hazipishi hedi ichomoke ubavuni mwa chasisi. Ami ameshanionya bei.

Presha ya tabo nimeirudisha bar 1.2. Jumapili nilipanda Mazeras mara mbili nyuma ya malori, nimechora mstari kwa kalamu kwenye chupa. Maji hayakuuvuka. Bolti za zamani 11 ziko kwenye kopo la Kimbo uani. Ile yenye mfereji Ami ameikatalia.